Nafsi Inayosema Ndani ya Mashine: Tahakiki ya Kiswahili cha Programu Huria

Ni desturi katika idara zetu kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia, na kuyaacha maandishi mengine yajipitie bila kuulizwa. Lugha ya magazeti huchunguzwa mara mojamoja, na ya matangazo ya biashara kwa nadra. Maneno yanayoandikwa juu ya kiwambo cha kompyuta hayahakikiwi kabisa. Hayo huhesabiwa kuwa kazi ya mafundi, na mchango wa mtaalamu wa lugha huishia katika kupendekeza istilahi. Makala haya yanakusudia kuupinga mgawanyo huo wa kazi. Nadai kwamba maneno ya kiwambo ni matini kama matini nyingine, yenye msemaji na msemewa. Na kwamba Kiswahili cha programu huria, ambacho kimelaumiwa sana kwa sababu ya istilahi zake, kina kasoro kubwa zaidi mahali pengine. Hakijaamua ni nani anayesema na nani.

Dai hili sikulipata vitabuni. Kwa muhula mmoja nilihudhuria, kila Jumamosi, mikutano ya chama kidogo cha kompyuta cha wanafunzi. Wanachama wake hukusanya mashine kuukuu zilizotupwa na ofisi, huzipangusa vumbi, huzifuta programu za zamani na kuzitia mifumo endeshi ya jamii ya Linux: leo Debian, wiki ijayo Ubuntu, na baada ya hapo mwingine ambao jina lake sikulishika. Mfumo endeshi, kwa msomaji asiyeshughulika na mambo hayo, ni ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, ikagawa kumbukumbu na nguvu zake baina ya programu nyingine, na kuzipokea amri za mtumiaji. Siku moja waliamua kuzigeuza mashine tatu ziseme Kiswahili kwa kadiri tafsiri zilizopo zilivyoruhusu. Saa moja haikwisha kabla ya wawili kati ya watatu waliozikalia kurudi kwenye Kiingereza. Nilitazamia walalamikie maneno mageni. La, hasha. Mmoja alisema: “Mwalimu, maneno nayaelewa. Nisichokielewa ni kama mimi ndiye ninayeiambia, au yenyewe ndiyo inayoniambia.”

Sijapata kusikia katika semina zetu tahakiki ya matini iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo. Nitairejea, lakini yafaa kwanza tuseme machache juu ya programu zenyewe na jina lake.

Historia yake inajulikana, nami nitaipita mbio. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya MIT huko Marekani, alitangaza nia ya kuandika mfumo endeshi mzima, aliouita GNU, ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo ambacho kazi ya Stallman ilikuwa bado ikikikosa, na mwaka uliofuata akakitoa chini ya leseni ileile ya GNU. Leseni hiyo inamtaka anayeibadilisha programu na kuigawa awape wenzake haki zilezile alizopewa yeye. (Helsinki, kwa njia, ni jiji ambalo wanaisimu wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kulijua: ndiko Arvi Hurskainen alikoijenga, tangu miaka ya 1980, programu ya kuchanganua mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili. Vijana wa chama hawakuwa na habari hizo, na sioni jinsi ambavyo wangekuwa nazo.) Katika Afrika Mashariki, hatua iliyoonekana zaidi ilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioshirikiana na wataalamu kutoka Uswidi na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya kishujaa, na yeyote anayeicheka hajapata kukaa kutafsiri maelfu ya vijisentensi vilivyokatwa vichwa na miguu. Jina tu ndilo ninalolitilia shaka. “Jambo” kama salamu tunawaachia watalii. Wenyewe kwa wenyewe twaulizana hali kwa kitenzi kizima chenye nafsi ndani yake: hujambo, hamjambo, hawajambo. Salamu iliyopotewa na nafsi yake ilikuwa dalili, kama tutakavyoona.

Sasa jina la jumla. Kiingereza kina neno moja, “free”, kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa. Kwa miaka mingi Stallman amelazimika kueleza kwamba anakusudia maana ya pili, na baadhi ya wafuasi wake wameazima “libre” kutoka Kifaransa na Kihispania ili kuepa utata. Mwaka 1998 watu wengine waliokutana Palo Alto, California, waliona ni afadhali kuliacha neno hilo na kusema “open source”, chanzo kilicho wazi, ili wenye makampuni wasitishike. Tangu hapo pana kambi mbili zenye programu zilezile na falsafa mbili.

Kiswahili hakikuwa na tatizo la kwanza. Bure ni bure na huru ni huru. Mtu aliyeachiwa huru hakuachiwa bure. Tena bure ina upande wake wa pili: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Anayeiita programu “ya bure” amekwisha kuitukana nusu, na nadhani hiyo ni sababu moja ya wenye ofisi zetu kuidharau kabla hawajaigusa. Watafsiri walifanya vyema kuchagua huria. Lakini huria nayo ina makovu yake. Katika soko huria na biashara huria, misemo iliyotujaa masikioni wakati wa kurekebisha uchumi katika miaka ya 1980 na 1990, neno hili lilisimama mahali pa “free”. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, limesimama mahali pa “open”. Basi ugomvi wa kambi hizo mbili hauwezi hata kutajwa kwa Kiswahili bila kuazima maneno. Wapo watakaoliona hilo kuwa upungufu wa lugha. Mimi naliona kuwa bahati, japo ina gharama: mwanachama mmoja wa chama, ambaye wazazi wake walipunguzwa kazini katika miaka hiyo ya soko huria, aliniuliza kwa nini kitu cha kushirikiana kimepewa jina la kitu cha kunyang'anyana. Nilimjibu kwamba asili ya neno ni Kiarabu, nalo ni jina la uhuru wenyewe, na kwamba soko ndilo lililoazima. Hakuridhika, nami sikumlaumu. Maana ya neno haikai katika asili yake. Hukaa katika kumbukumbu za wasemaji.

Juu ya istilahi nyinginezo sitasema mengi, kwa maana yamesemwa mno. Mabishano kati ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta yameshapoteza muda wa kutosha wa makongamano yetu. Vijana wa chama husema “mashine” na kuelewana. Pakua ni teuzi la mtu mwenye sikio. Neno hilo limetoka bandarini na jikoni kwa pamoja, kwa kuwa shehena hupakuliwa na wali hupakuliwa, na mtumiaji anayepakua faili hahitaji kufundishwa. Sakinisha, kwa kutia programu katika mashine, nalo ni zuri, hasa kwa anayesikia ndani yake maskani. Kinachonisikitisha ni nafasi zilizopotea. Waingereza wanakiita kiini cha mfumo kwa jina la kokwa, na ile sehemu ya nje inayopokea amri wakaiita ganda. Hiyo ni sitiari ya tunda, na pwani yetu ina tunda lenye tabaka nyingi kuliko yote: kumbi, kifuu, nazi, tui. Angepewa mwalimu wa Lamu au Pemba kazi ya kueleza muundo wa Linux kwa nazi moja na mbuzi ya kukunia, angemaliza katika kipindi kimoja. Na jina Ubuntu, ambalo mfumo mmojawapo umelibeba tangu mwaka 2004, lilielezwa chamani bila mwalimu. Mmoja alisema kwao mtu ni mũndũ, mwingine akasema kwao ni omundu, na wa tatu akatamka kwamba basi ubuntu ni utu. Hawakuhitaji nadharia ya mashina ya Kibantu. Walihitaji tu kuwa chumba kimoja.

Tuirejee sasa sentensi ya yule mwanafunzi.

Katika menyu ya programu yoyote twaona vitenzi vikiwa vimepangwa safu: fungua, hifadhi, chapisha, funga. Nani anasema? Ni mtumiaji, naye anaiambia mashine. Kwa amri ya namna hiyo umbo tupu la kitenzi linafaa kabisa. Hakuna mtu anayeliambia jembe “tafadhali”. Mtumiaji akibonyeza, kisanduku cha ujumbe chatokea na kusema: “Ingiza neno la siri.” Umbo ni lilelile, lakini nafsi zimebadilishana viti. Sasa mashine ndiyo inayomwamrisha mtu. Kiingereza hulivumilia jambo hili kwa sababu amri yake imezoea kuandikwa kwenye mabango na haikumbuki tena adabu. Kwetu amri tupu husemwa kwa mtoto, kwa rafiki wa karibu, au kwa mtu uliyekwisha kumkasirikia. Karani wa ofisi ya serikali akimwambia mzee, “Lete kitambulisho,” wote walio kwenye foleni hugeuka. Dhamiri tegemezi iko tayari kwa kazi hii: “Tafadhali uingize neno la siri.” Silabi moja tu, u-, humrudisha msemewa mahali pake. Watafsiri wengi wameiacha, naamini kwa kuwa vijisentensi viliwafikia katika orodha moja bila kuelezwa kipi ni cha menyu na kipi ni cha kisanduku.

Kisha ipo nafsi ya tatu, na hapa ndipo penye utata mkubwa. Programu za Kiingereza zina mtindo wa kuripoti hitilafu bila kiima, kana kwamba kushindwa kumetokea kwenyewe hewani. Kitenzi cha Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Ni lazima kibebe kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na mtafsiri, atake asitake, hana budi kuchagua. Akiandika “Imeshindwa kufungua faili”, msomaji huuliza: nini kimeshindwa? Mashine, programu, diski na hata faili lenyewe, kwa wale wanaoliweka katika ngeli ya I-ZI, vyote vyadai kiambishi hicho. Akiandika “Haikuwezekana kufungua faili”, ameandika lugha ya karani asiyetaka kulaumiwa. Akiandika “Nimeshindwa kufungua faili”, ameifanya mashine kuwa mtu. Jambo ambalo halitishi, maana msomaji aliyelelewa na ngano amekwisha kusikia chungu na sungura wakisema, ila sidhani kama anataka chungu hicho kikae mezani pake kila siku.

Lugha ina jibu la nne, nalo halimo katika Kiingereza ndiyo maana mtafsiri hakulikuta kwenye orodha. Ni kauli ya kutendeka. “Faili halifunguki.” “Diski haisomeki.” “Ukurasa hauonekani.” Kauli hii huieleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda na bila kumficha, hailaumu wala haiombi radhi. Mama huisema mlangoni, fundi huisema gereji, na sote tumeifundisha darasani kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika. Kwamba kauli iliyo hai namna hii ikose kutamalaki katika matini ambayo nusu yake ni habari za vitu visivyofunguka na visivyosomeka, ni ushahidi tosha kwamba tafsiri imefanywa kwa kutazama neno la Kiingereza na si kwa kusikiliza Kiswahili.

Mfano mwingine ni lile swali linaloulizwa kabla ya kufuta: “Je, una uhakika?” Kwa Kiingereza ni hadhari ya kirafiki. Kwa Kiswahili ni swali la wakili kwa shahidi. Mtu anayetumwa kazi na kutaka kuthibitisha haulizi hivyo, husema, “Nilete?” “Niandae?” Kwa hiyo mashine yapaswa kuuliza: “Faili hili lifutwe?” Maneno matatu, na kila mmoja anajua nafasi yake. Kwenye kitufe cha kukataa twakuta “Ghairi”. Neno lenyewe ni zuri, lakini anayeghairi ni mimi niliyebadili nia, siyo mashine ninayoiamuru. Hata hivyo kitufe hicho kimekwisha kuzoeleka katika simu za mamilioni ya watu, na mhakiki mwenye busara hujua wakati wa kunyamaza.

Upatanisho wa kisarufi ni tatizo la aina nyingine, kwa kuwa hapo mtafsiri hana kosa. Watunzi wa programu hupenda kuandika sentensi yenye pengo, kisha mashine hulijaza pengo hilo kwa jina lolote wakati wa kutumika. Kwa Kiingereza pengo laweza kujazwa na faili, dirisha au kitabu, na kitenzi kisijali. Kwetu faili limefutwa, kitabu kimefutwa, picha imefutwa. Vivyo hivyo neno moja la Kiingereza lenye maana ya upya hutumiwa kwa kila kitu, na mtafsiri apewaye nafasi moja ya kulijaza huandika “Mpya”, hapo tunapata dirisha mpya na kichupo mpya, nasi tukiwa walimu twatia alama nyekundu juu ya kiwambo. Utaratibu wa kutafsiria unaotumiwa sana katika programu hizi, uitwao gettext, una nafasi ya kutenga umoja na wingi, hata kwa lugha kama Kirusi na Kipolandi zenye maumbo matatu. Mlango huo ulifunguliwa kwa sababu wasemaji wa lugha hizo walikuwa ndani ya nyumba. Kwa ngeli hakuna mlango wa namna hiyo. Mtunzi wa programu aweza, akiombwa, kulitenga neno moja katika nafasi kadhaa kwa kulipa kila moja muktadha wake. Lakini ni lazima awepo wa kuomba, naye ajue ngeli ni nini.

Nitaje pia saa, kwa ufupi. Mashine husema ni 7:00, nasi twasoma saa moja, kama tulivyozoea kuisoma saa ya mkononi kwa upande wake wa chini. Hilo si kero. Kalenda ndiyo inayochekesha: safu huanza kwa Jumapili, na mtoto anayejua kuhesabu aona kwamba siku ya kwanza ya juma imeitwa ya pili.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni madogo, na kwamba kijana wa Kiafrika anayetaka kujua kompyuta hana budi kujua Kiingereza. Nimewasikia wakisema hivyo hata katika vikao vya wanaofundisha Kiswahili. Kuna ukweli ndani yake, lakini nilichokiona chamani hakiafikiani nao. Vijana wale walikuwa wakisoma amri kwa Kiingereza, lakini mambo yalipokwama, mashine ilipokataa kuamka na kila mtu akawa na nadharia yake, walibishana kwa Kiswahili, chenye Sheng ndani yake, na katika mabishano hayo ndimo ujuzi ulimopita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Lugha ya kufikiria kazi ilikuwa tayari ipo. Iliyokosekana ni daraja kati ya lugha hiyo na maandishi ya kiwambo, na maandishi yaliyoandikwa bila nafsi hayawezi kuwa daraja.

Na hapa ndipo leseni ninayoitaja tangu mwanzo inapobadili hali ya mambo. Programu iliyofungwa ikisema Kiswahili kibovu, tunaweza tu kumwandikia mwenyewe barua. Programu huria ikisema Kiswahili kibovu, tuna haki ya kulifungua faili la tafsiri na kurekebisha. Faili hilo ni rahisi ajabu: mstari wa Kiingereza, na chini yake mstari wa Kiswahili, mstari ukiachwa mtupu, Kiingereza chenyewe ndicho kitokeacho, ndiyo sababu viwambo vingi huonekana kama gauni la viraka. Anayejua sarufi ya Kiswahili na kutumia kibodi aweza kuifanya kazi hii. Katika idara zetu wamo wengi wa namna hiyo. Twaandika tasnifu juu ya kauli za kitenzi na juu ya ngeli, twazihifadhi maktabani, na matini inayosomwa na watu wengi kuliko riwaya zetu zote twawaachia wanafunzi wa hesabu waifanye usiku baada ya masomo.

Yule mwanafunzi wa sentensi ile alilifungua faili la tafsiri la programu moja ya kusomea nyaraka. Akatafuta “Imeshindwa kufungua”, akaandika “Faili halifunguki”, akaijenga programu upya, kisha akaipa kwa makusudi faili lililoharibika. Ujumbe ulitokea. Wenzake walisoma na hakuna aliyeuliza ni nani aliyesema. Akayatuma masahihisho kwa watunzaji wa programu hiyo, nao wakamjibu kwa adabu kwamba wamepokea, na kwamba yatakubaliwa pindi msomaji mwingine wa Kiswahili atakapoyapitia na kuyathibitisha. Alinionyesha barua hiyo akaniuliza, “Mwalimu, ni nani atakayeyapitia?” Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya muhula, na meza yangu ilikuwa imejaa karatasi za mitihani. Ninapoandika makala haya, sentensi yenye maneno mawili bado inamngoja msomaji wake wa pili.